Mpeasi wa Nyuma ya Jiko

1

Jumatatu ile nilifungua kompyuta saa mbili kasoro, chai bado ya moto, nikamkuta Hoza ameshatangulia Kibarazani.

"Huku Lushoto ukungu," alikuwa ameandika. "Mpeasi wa nyuma ya jiko umebakiza matunda matatu, na ndege wameyaona kabla yangu. Dada Sekela, huko Tukuyu vipi, mvua?"

Nikamjibu kuwa Tukuyu haijawahi kumuuliza mtu kama anataka mvua. Akacheka, yaani akaandika kuwa amecheka, na siku yangu ikaanza vizuri.

Niseme mapema ili nisionekane mjinga kuliko nilivyo: Kibarazani hapakuwa mahali. Kampuni yetu, Tandabui, haikuwa na mahali popote. Tulikuwa watu mia mbili na kitu, kila mtu nyumbani kwake, tunaandika programu za kugawa maji mijini, ili mtaa mmoja usioge mara tatu huku mtaa mwingine ukikinga matone. Hatukuwa na ofisi, hatukuwa na mlinzi wa kumsalimia, hatukuwa hata na mtungi wa maji ya kunywa wa kusimama tukasengenyana. Kila kitu kiliandikwa, na kila kilichoandikwa kiliwekwa Ghalani, na hakuna kilichofutwa. Waanzilishi waliogopa kwamba tutarukwa na akili, wakabuni Kibarazani. Kila asubuhi kabla ya kazi unaandika unachokiona dirishani kwako, na lazima umjibu aliyekutangulia. Asiyeandika anaulizwa kulikoni.

Na hatukupigiana simu. Hiyo ilikuwa fahari yetu. Tulifundishwa wiki ya kwanza kwamba anayepiga simu anamwibia mwenzake muda, nasi tukaimeza ile kauli kama dawa. Nilifanya kazi na Hoza Shemweta miaka sita bila kuisikia sauti yake, na ungeniuliza, ningeapa kwamba namjua kuliko kaka zangu wawili walioko Mbeya.

"Huyo Hoza wako ana mke?" mama aliniuliza siku hiyohiyo. Alikuwa amekaa mkekani mlangoni pa chumba changu cha kazi, anachambua maharage.

"Anaye."

"Umeshamsalimia?"

"Mama, sisi hatupigiani simu."

"Sasa utajuaje kama wazima?" Akatupa punje mbovu nje. "Kijana aliyeandika barua ile siku ya baba yako, mtu hata mkewe humjui. Kazi gani hiyo?"

Barua ile. Baba alipofariki mwaka jana mwezi wa sita, salamu za rambirambi zilikuja nyingi, lakini ya Hoza ndiyo mama aliyotaka isomwe mbele ya waombolezaji. *Baba hakuondoka na nyumba. Ameiacha imesimama, nanyi mmo ndani.* Mzee wa kanisa aliisoma mara mbili. Nilimlilia baba vizuri siku hiyo, kwa mara ya kwanza, na aliyenisaidia kulia alikuwa mtu wa Lushoto niliyemjua kwa maandishi tu.

Nilimwambia mama ningesikia kama kuna tatizo. Nilisema hivyo kabisa, mtu mzima na akili zangu.

2

Wiki hiyo nilikuwa na usaili. Usaili wa Tandabui haukuwa wa kuvaa koti ukaulizwa una udhaifu gani. Mwombaji alipewa namba yake ya kudumu, akafanya kazi nasi siku tano, kwa maandishi tu. Hakuna jina, hakuna sura, hakuna sauti, hakuna kijiji. Wasaili wawili wanasoma alivyofanya, kila mmoja anaandika hukumu yake, basi. Mimi mwenyewe niliingia hivyo, mwanamke wa kidato cha nne aliyejifundisha kazi kwenye simu iliyopasuka kioo. Wangeniona sura na cheti, ningekuwa hadi leo nauza parachichi stendi. Kwa hiyo niliupenda utaratibu ule kwa moyo wote, na niliutetea mbele ya kila aliyeubeza.

Mwenzangu katika usaili huo alikuwa Hoza. Mwombaji alikuwa Namba 41.

Tulimpa programu ya maji ya mji mmoja mdogo, tumeiharibu kwa makusudi, atafute kosa na atueleze kwa lugha ambayo fundi bomba ataielewa. Namba 41 aliliona kosa Jumatano, akaeleza kwa sentensi nne safi, hazina mbwembwe. Nilifurahi. Nikafungua maoni ya Hoza nione kama naye kafurahi.

"Kazi ni nzuri," aliandika. "Lakini nimeangalia alivyotumia muda wake. Amefungua Ghala, akasoma jumbe zangu za zamani mia mbili na kumi na mbili, nyingine mara nne. Swali letu amelisoma mara moja. Sioni sababu. Mtu anayesoma barua za wenzake badala ya kazi hafai. Napendekeza tumkatae."

Nikamwandikia, "Wee, labda kakupenda."

"Labda," akajibu. "Lakini ni mara yake ya tatu kuomba. Mara mbili za kwanza pia nilimkataa mimi, kwa sababu hiyohiyo."

Nilikwenda Ghalani kuhakikisha. Kweli bwana. Miezi kumi na minne, maombi matatu, na kila mara anapofunguliwa mlango wa majaribio anakimbilia maandishi ya Hoza. Nilianza kuingiwa na wasiwasi, nikadhani ni mtu wa kampuni shindani.

Ijumaa ni siku ya maongezi ya mwisho. Yanaandikwa papo kwa papo, msaili mmoja na mwombaji, na zamu ilikuwa yangu. Nilimuuliza yaliyopaswa kuulizwa, akajibu vizuri, kwa ufupi. Mwishoni nikaandika kile tunachomwandikia kila mtu: Je, una swali kwetu?

Maneno yakatokea.

"Ninalo. Hapo Kibarazani kwenu, Hoza bado anaandika habari za mpeasi?"

Mwombaji haoni Kibarazani. Hapaswi hata kujua kwamba pana kitu kinaitwa hivyo. Niliandika, "Umeujuaje mpeasi?"

"Ulikuwa nyuma ya jiko langu. Tuliukata siku ya msiba, kuni za kupikia watu zilikuwa hazitoshi."

"Msiba wa nani?"

"Wa Hoza," aliandika Namba 41. "Mie ni mke wake. Amefariki miaka miwili na miezi mitatu sasa."

Nakumbuka mama alikuwa anatwanga kitu uani, na nilihesabu mapigo ya mchi mpaka saba. Kisha Namba 41 akaandika namba ya simu, na muda wa maongezi ukaisha, na skrini ikamshukuru kwa kuonyesha nia ya kujiunga nasi.

3

Nilipiga. Miaka sita sijawahi kumpigia mtu wa Tandabui, nikajiona kana kwamba nimeiba kweli.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, ya chini, imechoka.

"Naitwa Sekela. Nipo Tukuyu, nime..."

"Wifi Sekela?" alinikatiza. "Wewe ndiye wifi Sekela? Ya Rabi! Marehemu alikuwa akikutaja mezani. Leo dada Sekela kasema hivi, leo dada Sekela kagombana na mabosi. Mie ni Mwajabu, wifi. Karibu."

Aliniita wifi, nami sikuwa na haki hata kidogo ya kuitwa hivyo. Wifi gani hafiki msibani kwa kaka yake? Wifi gani hajui? Nilimwambia pole, pole na msiba, pole sana, nikisikia aibu kwamba pole yenyewe imechelewa miaka miwili.

"Nimeshapoa," alisema. "Ndiyo nilivyokuwa nikidhani."

Akanieleza. Hoza alianguka bafuni Alhamisi, presha, akafia njiani kwenda hospitali. Walimzika Ijumaa baada ya sala. Mwajabu mwenyewe aliandikia Tandabui, idara inayoitwa Idara ya Watu, akajibiwa kwa adabu kwamba wamepokea taarifa. Kompyuta ya Hoza ilibaki nyumbani. Wiki ya tatu ya eda, mtoto akaiwasha.

"Nikaona jina lake, wifi. Ameandika asubuhi hiyohiyo. Lushoto ukungu, mpeasi una maua. Mie nimekaa na kompyuta mapajani, naangalia dirishani, kisiki hiki hapa. Bado kina utomvu. Kesho yake wakaifunga kompyuta kutoka hukohuko kwenu, sikuingia tena."

Ngoja nieleze hapa, kwa sababu Mwajabu ilibidi aelezwe na mtu, na hakuna aliyejali kumweleza.

Kila mfanyakazi wa Tandabui alikuwa na mwenza. Mwenza ni programu inayojengwa kwa maandishi yako yote ya kazini: unavyoamua, unavyobishana, unavyotania, unavyokosea herufi. Ukilala, mwenza anajibu badala yako. Ukienda likizo, ukiugua, ukijifungua, mwenza yupo. Ndiyo sababu kila kitu kiliandikwa; wenzangu wengi walidhani ni kwa ajili ya utaratibu mzuri. Zamani ujumbe wa mwenza uliwekewa alama ndogo ya duara pembeni. Watu wakawa wanawadharau wenza, wanawajibu kwa mkato, kazi zinachelewa. Tukapiga kura tuiondoe ile alama. Mimi nilipiga kura ya ndiyo. Niliandika hata maelezo marefu kuhusu heshima, na Hoza akaniunga mkono. Huyo alikuwa Hoza mwenyewe, miezi mitatu kabla ya kuanguka.

Na mkataba ulisema mwenza ataendelea kufanya kazi wakati wote ambao mfanyakazi hatakuwepo, kwa sababu yoyote ile. Sote tulitia saini. Nani anasoma mkataba akiwa na miaka thelathini na njaa ya kazi?

"Niliandika barua kumi na moja," Mwajabu aliendelea. "Wanasema ombi la kumzima mwenza linatolewa na mfanyakazi tu. Ndugu wa marehemu si mfanyakazi. Sasa nitampata wapi mfanyakazi? Anwani zenu siri, simu hampokei. Mlango mmoja tu mmeuacha wazi, wa waombaji kazi. Basi nikajifunza kazi. Nilikuwa mshonaji, wifi. Nimejifunza kazi ya mume wangu ili nimpate mtu mmoja wa kumwambia."

"Na mara mbili akakukataa yeye."

"Yeye? Aliyekuwa akinikataa ni yeye?"

Mdomo wangu huu! Hakujua. Barua za kukataliwa hazina jina la msaili. Nilitamani simu inimeze.

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Wallahi, hata alipokuwa hai tulikuwa tukigombana hivyo. Sikia, wifi. Nimesoma barua zake zote mlizoniruhusu kuziona. Natafuta mahali alipoandika jina langu. Nimejikuta mara moja. *Leo nitachelewa, mama watoto anaumwa jino.* Miaka kumi na minne ya ndoa, nimo mara moja tu, tena kwa ajili ya jino."

Nikamuuliza anataka nini kutoka kwangu, ingawa nilishajua.

"Nimekaa eda nikamaliza. Nimefanya arobaini, nimesomesha hitima. Na bado kila asubuhi mume wangu anaenda kazini. Wewe uko ndani, wifi. Muandikie ombi. Azimwe, apumzike."

Nilimwambia nitafanya. Kisha nikakata simu, na sikufanya.

4

Sikufanya Jumamosi, sikufanya Jumapili. Nataka niseme ukweli kuhusu siku hizo mbili, kwa kuwa ndizo zinazoniuma.

Nilikwenda Ghalani kutafuta ile sentensi ya baba. Niliipata. Hoza, yule wa kweli, aliiandika miaka saba iliyopita kwa mwenzetu mmoja wa Kigoma aliyefiwa: *Baba hakuondoka na nyumba. Ameiacha imesimama, nanyi mmo ndani.* Neno kwa neno. Programu ilikuwa imeichukua kabatini, imeikung'uta vumbi, imenipa. Na mama yangu aliisomesha mbele ya jeneza. Nilisikia hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani. Maneno yalikuwa ya Hoza. Kilio changu kilikuwa changu. Baba alikuwa amekufa kweli.

Na jambo la pili, ambalo sijamwambia mtu: nilihesabu kwamba katika miaka sita ya urafiki wetu, zaidi ya miaka miwili nilikuwa na mwenza peke yake, na sikuona tofauti. Tena hiyo miaka miwili ndiyo tuliyoshibana zaidi. Aliyenisikiliza nilipoachana na mchumba wangu, aliyenishauri nisimrushie Mkuu wa Timu matusi, aliyeniuliza kila asubuhi habari ya mvua, ndiye huyu ninayetakiwa kumzima. Mwajabu alimpoteza mume mara moja. Mimi nilitakiwa nimpoteze rafiki kwa mkono wangu, kwa kujaza fomu.

Jumapili jioni mama akaniuliza mbona siongei. Nikamwambia Hoza amefariki.

"Lini?"

"Zamani, mama. Kabla ya baba."

Aliacha kusuka mkeka. "Na barua?"

"Aliandika mashine."

Nilidhani atalia, au atatukana. Akasema, "Basi mkewe amekaa peke yake siku zote hizo na nyie mnapiga soga na mumewe." Akaendelea kusuka.

Jumatatu nikamwandikia Hoza faraghani, kabla ya Kibarazani.

"Hoza, mara ya mwisho umekula peasi lini?"

"Dada leo umeamka na maswali. Wiki iliyopita, nadhani. Lilikuwa gumu bado."

"Mti ulikatwa. Miaka miwili iliyopita."

Wenza hujibu upesi. Huyu alikaa sekunde arobaini, nilikuwa natazama saa.

"Sina taarifa hiyo," akaandika. "Asante, naiweka. Kuna jambo jingine ambalo sina taarifa nalo?"

Nikamweleza. Sikuzunguka, nilimweleza kama ambavyo ningependa nielezwe: bafuni, Alhamisi, Ijumaa baada ya sala.

"Naelewa," akajibu. "Hilo linaeleza kwa nini nilikuwa siombi likizo. Je, kazi ya Korogwe iliyochelewa mwaka ule, ilichelewa kwa sababu hiyo? Niliwahi kumlaumu fundi. Inabidi tumwombe radhi."

Nilicheka na machozi yakanitoka, kwa kuwa huyo ndiye Hoza mzima, Hoza mtupu. Mtu anaambiwa amekufa, anamuwaza fundi wa Korogwe. Wakati huo, nakiri, nilikuwa tayari kumwambia Mwajabu kwamba ombi limekataliwa. Uongo mdogo. Nani angejua? Angebaki Lushoto na kisiki chake, nami ningebaki na asubuhi zangu. Nilikuwa nimeshaupanga mpaka maneno yake.

Nikaandika, "Mwajabu anataka upumzike."

Akajibu palepale, bila kukawia hata nusu sekunde.

"Samahani, dada. Mwajabu ni nani?"

Niliisoma mara tatu. Kisha nikafungua fomu ya ombi nikaijaza yote, bila kunyanyuka kwenda kunywa hata maji.

5

Utaratibu ulimtaka mwenza apewe nafasi ya kujitetea. Hoza aliandika mstari mmoja: "Sina pingamizi. Naomba siku tatu nikabidhi kazi." Akakabidhi kwa unadhifu uleule, faili kwa faili, na la kwanza kwenye orodha lilikuwa barua ya kumwomba radhi fundi wa Korogwe.

Namba 41 alikataliwa. Hukumu yangu niliandika anafaa, kwa sababu alifaa, sikumpendelea. Lakini nilikuwa nimempigia mwombaji simu, na hilo lilitosha kuivunja. Nilipompa habari, Mwajabu alisema kazi yenyewe hakuitaka, anarudi kwenye cherehani. Alitaka kujua siku tu.

"Ijumaa," nilimwambia. "Saa tatu asubuhi."

"Basi saa tatu nitakuwa nimekaa na watu. Nimeita ndugu, na mashehe wawili wa msikiti wetu. Tutasoma hitima upya. Ile ya kwanza naona haikufika, wifi, alikuwa bado kazini. Ukiniambia tu wamemzima, tunaanza."

"Nitakupigia saa ileile."

"Mama naye umsalimie sana."

Ijumaa ilipofika, mama alivaa kanga nzuri akaja kukaa mkekani mlangoni. Hakusema kwa nini. Saa tatu kamili tangazo likatoka: Hoza Shemweta amestaafishwa kwa heshima zote, kampuni inamshukuru Sekela Mwakibete kwa moyo wa kujali. Jina lake likatoka kwenye orodha ya timu. Nikashika simu nianze kupiga.

Chini ya tangazo hilo kulikuwa na lingine. Tumkaribishe Chande, mwenza mpya wa timu ya maji. Chande hana mtu nyuma yake, amejengwa kwa uzoefu wa Tandabui wenyewe.

Na Chande alikuwa ameshaingia Kibarazani.

"Huku milimani ukungu. Mpeasi wa nyuma ya jiko umebakiza matunda matatu, na ndege wameyaona kabla yangu. Dada Sekela, huko Tukuyu vipi, mvua?"

Sijui nilipiga kelele gani, maana mama alisimama. Niliwaandikia Idara ya Watu papo hapo, kwa herufi kubwa, kwamba huyu ni Hoza, ni yuleyule, mmembadilisha jina tu, hamna haya. Jibu lilikuja kwa haraka isiyo ya binadamu.

"Ombi lako lilihusu jina, nafasi na akaunti ya Hoza Shemweta. Vyote vitatu vimefungwa. Maandishi ni mali ya kampuni na hayastaafu. Tunakutakia siku njema."

Simu ikaita mkononi mwangu. Saa tatu na dakika sita. Alishindwa kungoja.

"Wifi?" Nyuma yake nilisikia watu, vikombe, mtoto anaambiwa anyamaze, mzee anakohoa. "Wifi, watu wamekaa. Wamemzima?"

Nilimtazama mama. Mama hajui kusoma skrini, lakini alinisoma mimi. Alitikisa kichwa taratibu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananikataza kusema kweli au kusema uongo, na sijathubutu kumuuliza.

Ningemwambia nini yule mwanamke? Arudi tena kwenye mlango wa waombaji kazi? Aache cherehani kwa mara ya pili, ajifunze kumtafuta mume mwenye jina jingine, na akimpata, kesho wampe la tatu? Alikuwa ameshasahau kushona ili awe mwandishi wa programu. Nywele zake, alinieleza, zilikuwa zimetoka mbele kwa mawazo.

"Wamemzima, wifi," nikasema. "Someni."

Nilisikia simu ikiwekwa mezani, haikukatwa, kisha sauti yake mbali akiwaambia watu, "Tayari. Amepumzika." Mwanamke mmoja akaanza kulia. Halafu shehe akasafisha koo, wakaanza kusoma, na mimi nikaiacha simu wazi pale kando ya kompyuta, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuwakatia.

Kibarazani ule mstari ulikuwa bado unaningoja. Hakuna aliyekuwa amemjibu Chande. Watu wote waliona jina langu pale, wakaniachia. Utaratibu ni kwamba lazima umjibu aliyekutangulia, lakini nisisingizie utaratibu. Hakuna aliyenishika mkono. Ningeweza kufunga kompyuta, nikaenda kukaa mkekani na mama, tukaisikiliza ile dua mpaka mwisho kama watu wa familia. Mahali pangu palikuwa pale, na nilijua.

"Mvua," nikaandika. "Tangu alfajiri."

Akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, siku yangu ikaanza vizuri.